Kwa Nini Nakala Mbili za Santuri Moja Hazitoi Sauti Sawa

Wiki hii nimeshinda siku mbili na nakala tatu za albamu moja ya jazi ya kampuni ya kurekodi Blue Note, iliyorekodiwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Ya kwanza ni chapa ya mwanzo; kava limechanika pembeni lakini sahani imetunzwa. Ya pili ni nyepesi zaidi, ilichapwa baada ya Blue Note kununuliwa na kampuni ya Liberty katikati ya miaka ya 1960. Ya tatu ni toleo jipya la gramu 180, na kibandiko kilicho juu yake kinausifia uzito huo. Wanamuziki ni walewale na kikao cha kurekodi ni kilekile, lakini ukizipiga moja baada ya nyingine, piano inahama. Kwenye moja umeketi karibu nayo, kwenye nyingine imerudi nyuma ya ngoma.

Ili kuelewa inahamaje, fuata njia ya sauti yenyewe. Tepu kuu ikiwa tayari, mhandisi huicheza huku mashine ya kukatia ikichora mfereji kwenye bamba la alumini lililopakwa laka. Hapo ndipo mambo mengi huamuliwa: besi ibaki kiasi gani, sauti ikatwe kwa nguvu kiasi gani, herufi "s" za mwimbaji zilainishwe au ziachwe. Bamba hunyunyiziwa fedha, kisha hujengewa tabaka la nikeli kwa njia ya umeme. Tabaka hilo likibanduliwa huitwa baba. Kutoka kwa baba hupatikana mama, na kutoka kwa mama hupatikana mihuri inayokandamiza plastiki ya moto. Muhuri mmoja hutoa mamia ya santuri, pengine elfu moja na zaidi kidogo, kisha huanza kuchoka.

Katika mlolongo huo wote, mimi namweka mkataji mbele. Mfano ninaoupenda ni Led Zeppelin II, albamu ya roki ya mwaka 1969. Robert Ludwig aliikata kwa nguvu nyingi, besi imejaa, na sindano za mashine za bei ya chini zikawa zinaruka. Ikakatwa upya kwa upole. Tepu ni ileile, mwaka ni uleule, nchi ni ileile ya Marekani, lakini nakala zenye alama ya RL ni muziki mwingine kabisa ukiziweka kando ya zile zilizofuata. Mtu akikuambia tu kwamba anayo "orijino ya Marekani", bado hajakuambia lolote kuhusu sauti yake.

Kwa hiyo jifunze kusoma lile eneo tupu kati ya wimbo wa mwisho na lebo. Inamisha sahani chini ya taa hadi mwanga uteleze juu yake, utaona namba na herufi zilizochorwa au kugongwa. Santuri za kampuni ya EMI zilizochapwa Uingereza miaka ya 1960 zinasomeka vizuri sana. Weka namba ya matrikisi, yaani namba inayotambulisha mkato wa upande huo, upande wa chini. Kushoto kwa lebo utakuta namba ya mama, kulia utakuta herufi za muhuri. Herufi hizo ni tarakimu zilizofichwa katika neno GRAMOPHLTD: G ni 1, R ni 2, A ni 3, na kuendelea hadi D ambayo ni 0. Ukiona RO, huo ni muhuri wa 25. Wakusanyaji hukimbilia namba ndogo, nami naelewa kwa nini, ila namba ya muhuri haikuambii kama sahani yako ilikuwa ya kumi au ya mia tisa kutoka kwenye muhuri huo. Masikio yako ndiyo yatakayokuambia.

Suala la nchi lina msingi wake. Tepu kuu kwa kawaida ilibaki ilikorekodiwa, na viwanda vya nje vilitumiwa nakala. Kila nakala ya tepu huongeza mvumo na kufifisha ncha za sauti: matoazi hupoteza ung'avu, hewa ya chumba hupungua. Ndiyo maana kwa bendi ya Uingereza naanza na chapa ya Uingereza. Hapo ni mahali pa kuanzia tu, maana nimesikia nakala ya ng'ambo iliyokatwa na fundi makini ikaipita ile ya nyumbani iliyokatwa kwa haraka.

Uzito nitausema kwa ufupi. Sahani nene haipindi kirahisi, na inapendeza mkononi. Kina cha mfereji hakiongezeki kwa sababu sahani ni nene.

Kinachobadilisha sauti kweli ni nafasi. Kwenye sahani ya inchi 12 inayozunguka mara 33⅓ kwa dakika, mfereji wa nje hupita chini ya sindano kwa kasi ya takriban sentimita 51 kwa sekunde; karibu na lebo kasi imeshuka hadi kama 21. Mawimbi yaleyale ya sauti yanabanwa kwenye urefu usiofika nusu. Hivyo wimbo wa mwisho wa kila upande ndio mtihani wangu, na upande uliojazwa dakika 25 nauendea kwa tahadhari. Albamu iliyogawanywa katika sahani mbili za kasi ya 45 inapata nafasi hiyo, ingawa utainuka kuigeuza mara nyingi zaidi.

Sasa jinsi ya kulinganisha. Osha nakala zote kwanza, hata mpya. Kisha sawazisha sauti, na hapa nakusihi usiruke hatua hii, kwa sababu sikio hupenda kilicho juu zaidi, hata kwa nusu desibeli, na litakuambia kwamba kina "uhai". Mimi hurekodi sekunde 30 zilezile kutoka kila nakala kwenye kompyuta, napima wastani, kisha narekebisha kitufe cha sauti hadi tofauti ishuke chini ya desibeli 0.2. Baada ya hapo nasikiliza kitu kimoja kwa wakati mmoja: mkono wa kushoto wa piano, halafu brashi kwenye ngoma, halafu namna noti inavyofifia.

Siku ya kwanza, kabla ya kusawazisha, niliandika daftarini kwamba toleo jipya limeshinda. Lilikuwa limekatwa kwa sauti ya juu kuliko mengine. Baada ya kusawazisha, piano yake ilikuwa safi lakini bapa. Upande wa pili ulikuwa pia na mkwaruzo kama kitambaa kinachochanwa, "khrrr", upande wa kulia tu, kwa mizunguko kama sita. Uchafu hutoa mlio mkali wa ghafla na aghalabu huondoka kwa kuosha. Huu haukuondoka: plastiki haikujaza mfereji wakati wa kukandamizwa. Nakala nyingine ya toleo hilohilo inaweza isiwe nao.

Chapa ya mwanzo ilikuwa na piano nzuri kuliko zote, hadi wimbo wa mwisho, ambapo sindano butu ya mwenyewe wa zamani imeukwangua mfereji na kila pigo zito linapasuka. Nikageukia ile nyepesi ambayo nilikuwa nimeipuuza. Chini ya taa, karibu na lebo, herufi tatu zilikuwa palepale: RVG, alama ya Rudy Van Gelder, aliyerekodi kikao na kukata bamba kwa mkono wake. Ile alama ndogo inayofanana na sikio, ya kiwanda cha Plastylite, iliyopo kwenye chapa ya mwanzo, haipo hapa. Mkato ni uleule, kiwanda ndicho kilichobadilika. Piano imekaa karibu kabisa na mahali ilipo kwenye ile ya kwanza, na wimbo wa mwisho unafika kwenye lebo bila kupasuka. Hiyo ndiyo iliyoko kwenye mashine yangu ninapoandika.