Acheni kuusingizia upepo wa nyuma

Naandika hii ili siku nyingine nikiulizwa kama upepo wa nyuma huangusha jeti zetu ndogo za rimoti, nitume kiungo tu, niendelee na chai yangu.

Mbukwenyi, watu wa rimoti. Jeti ya mtu imeenda chini tena, kona ya kwanza baada ya kupaa, na kabla vumbi halijatulia wazee wa kiwanja walishatoa hukumu: "Aligeuza, upepo ukamkamata kwa nyuma." Wote wakatikisa vichwa. Mwenye jeti naye akatikisa, akaanza kuokota vipande vya kitu ambacho mkewe hajui kilinunuliwa shilingi ngapi. Wiki ijayo atamrithisha mgeni elimu hiyohiyo, na mgeni naye ataangusha kwa sababu ileile.

Imani yenyewe inasimuliwa hivi. Ndege ikiukabili upepo, upepo unaibeba. Ikigeuka na upepo ukaja kwa nyuma, mabawa yanakosa hewa ghafla, mwendo unapotea, ndege inadondoka. Inasikika vizuri sana, na ndiyo maana haifi.

Bawa halijui ardhi. Halijui kiwanja kiko wapi wala wewe umesimama wapi na kofia yako. Linachojua ni hewa inayolipitia, basi. Upepo uliotulia ni hewa ya eneo zima inayosogea kwa pamoja, na jeti ikishaiacha ardhi imo ndani ya hewa hiyo, inasogea nayo. Nzi aliyedandia SGR hapa Dodoma bila tiketi huruka kutoka siti za mbele hadi za nyuma, akageuka, akarudi, treni ikiwa kwenye kilomita 160 kwa saa. Hadondoki kwa sababu tu amegeukia upande wa Morogoro.

Hapo ndipo fundi wa hesabu kwenye kundi hunikatiza: "Lakini ndege ina inesha, inang'ang'ania mwendo iliyo nao! Mwendo wake wa ardhini ulikuwa kilomita 45 kwa saa, sasa unatakiwa uwe 95. Itaupata wapi?" Itaupata kwenye kona, ndugu yangu. Bawa lililolala ubavu linaivuta jeti upande wa kona kwa muda wote wa kona, na kwa kuwa hewa yenyewe inasogea, mvuto huo ndio unaoongeza mwendo wa ardhini kidogo kidogo. Kona ikiisha, hesabu imefungwa, hakuna deni. Ukitaka ushahidi usiohitaji kalamu, tazama mwewe wanaozunguka juu ya Soko la Majengo. Kila mzunguko wanaingia upepo wa mbele na wa nyuma, mabawa hayapigwi, na hakuna anayedondokea kwenye matenga ya nyanya. Ukitaka ushahidi wa kisasa, funga pito (kijibomba kinachopima mwendo wa hewani) na GPS inayopima wa ardhini kwenye jeti moja, kisha jioni fungua kumbukumbu za telemetria, yaani vipimo ambavyo jeti ilikuwa inatuma chini. Mstari wa GPS unapanda na kushuka kila mzunguko. Mstari wa pito unanyooka, na mitikisiko yake ni ya mkono wako.

Kwa hiyo kwa nini zinaanguka? Maana zinaanguka kweli, na mara nyingi ni kona ile ile. Hapa ndipo ninapotaka mkae.

Rubani wa ndege kubwa ana kipima mwendo wa hewani mbele ya macho yake. Sisi tumesimama ardhini tunatazama kitu kikipita juu ya mibuyu. Mwendo tunaouona ni wa ardhini, siku zote. Tuchukue jeti ya kawaida ya hapa kwetu: feni ya milimita 90, betri ya seli 6, kilo 3 na ushee. Tuseme inastoli, yaani bawa linaacha kuibeba, kwenye kilomita 50 kwa saa ikiwa imenyooka. Umepaa ukiukabili upepo wa 25, jeti inakwenda 70 hewani. Machoni pako ni 45, kitu cha upole. Unageuka. Hewani bado ni 70, lakini machoni imekuwa 95. Moyo unaruka. Kidole gumba, bila kukuomba ruhusa, kinarudisha throto (kishikio cha nguvu ya injini) mpaka jeti ionekane ya kawaida, labda 65. Toa 25. Bawa lina 40, na linahitaji 50. Bawa moja linatangulia kuanguka, jeti inajiviringisha, na unasikia sauti ile. Upepo haukupunguza chochote. Ni wewe uliyepunguza 30 kwa kidole chako.

Macho yana udanganyifu wa pili, na huu watu wengi hawaufahamu kabisa. Jeti inapanda mita 5 kwa sekunde. Ikiukabili upepo inasogea ardhini mita 12.5 kwa sekunde, kwa hiyo unaiona ikipanda kwa nyuzi 22 hivi, safi, inapendeza. Ikishageuka inasogea mita 26 kwa sekunde, na pembe unayoiona inashuka hadi kama nyuzi 11. Inapanda vilevile! Lakini wewe unaona imelala, unaona "imezama", na unavuta eleveta (kibao cha mkiani kinachoinua na kushusha pua) kuisaidia. Umepunguza throto kwa sababu inaonekana inakimbia, na umevuta pua juu kwa sababu inaonekana haipandi. Mtu akiniomba nimpe njia ya uhakika ya kustolisha jeti, sina iliyo bora kuliko hiyo.

Ongeza kona yenyewe. Jeti ikilala nyuzi 45, mabawa yanabeba uzito mara 1.4, na mwendo wa kustoli unapanda kwa karibu asilimia 19. Ile 50 yako imekuwa 60 hivi. Ilaze nyuzi 60, uzito ni mara mbili na stoli ni 71. Wewe uko 70. Na upepo wa nyuma unapoisukuma jeti mbali na kiwanja, unaona kona imekuwa pana mno, basi unailaza zaidi na kuongeza usukani wa mkia ili pua ije haraka. Mabawa mawili hayana tena mwendo mmoja. Siendelei, mnajua mwisho wake.

Wengine wataniambia, "Lakini Dar mbona nilikuwa nafanya hivyohivyo na hainiangushi?" Dar uko usawa wa bahari. Dodoma tuko zaidi ya mita 1,100 juu, na mchana wa Oktoba joto linavuka nyuzi 30. Hewa yetu saa hiyo ni nyepesi kuliko ya Dar kwa zaidi ya asilimia 12. Jeti iliyostoli kwa 47 kule, hapa inastoli kwa 50, na feni nayo inasukuma hewa nyepesi hiyohiyo. Akiba uliyokuwa nayo umeiacha Kibaha.

Sasa, kwa kuwa mimi si mtu wa kukataa tu: upepo unaoangusha jeti upo. Mnaulaumu wa upande usiofaa, ndiyo shida.

Upepo karibu na ardhi huwa mdogo kuliko ule wa juu, kwa sababu vichaka, nyumba na udongo wenyewe vinaukwamisha. Upepo wa mashariki na kusini-mashariki unaovuma hapa kiangazi unaweza kuwa 25 kwenye vilele vya miti na nusu ya hiyo magotini pako. Unakuja kutua ukiukabili, kama ulivyofundishwa. Jeti iko 62 hewani, kila kitu kimetulia. Inashuka kutoka tabaka la 25 kuingia tabaka la 12 ndani ya sekunde chache. Inesha inashikilia mwendo wa ardhini, kwa hiyo ule wa hewani unaporomoka, 13 zinakwenda, unabaki na 49. Jeti inakaa chini kwa kishindo mita kadhaa kabla ya mahali ulipopanga, magurudumu yanachomoka, na wazee wanasema nini? "Haikuwa na upepo." Angalau hapo wamekaribia! Ila ona kichekesho chake: aliyekuangusha ni upepo wa mbele, yule mnayemwita rafiki, kwa kupungua kwake.

Na hapo ndipo jeti zinapotofautiana na ndege za pangaboi, zile zenye panga linalozunguka puani. Ndege ya pangaboi ikianza kuzama unasukuma throto, hewa ya pangaboi inapiga katikati ya mabawa na mkia papo hapo, unapata uhai hata kabla mwendo haujaongezeka. Jeti haina zawadi hiyo. Msukumo unatokea nyuma, bawa halipati kitu mpaka mwili mzima uongeze mwendo, na mwili wenyewe ni mzito. Feni ya umeme angalau inaitika haraka. Turbini inayokunywa mafuta ya taa inahitaji sekunde kadhaa kutoka mzunguko wa chini hadi nguvu kamili, na ukiwa mita 3 juu ya ardhi sekunde hizo huna. Ndiyo maana tunaingia na flapu (vibao vya nyuma ya mabawa) zote chini, magurudumu chini, na throto ikiwa juu ya mzunguko wa chini: tunaivuta jeti kwa ukinzani ili turbini isilale. Anayefunga throto mapema kisha "kuinyoosha" jeti hadi kiwanjani kwa eleveta anatumia mazoea ya ndege nyepesi ya povu gumu ya kujifunzia. Mjadala wa kama throto ndiyo inayoshusha na eleveta ndiyo inayoshika mwendo, au kinyume chake, naomba tuuache. Umeshavunja urafiki wa kutosha. Kwenye jeti, tumia vyote kwa pamoja na uwe na kiasi.

Mashaka yangu? Ninayo. Ukinipeleka kortini kuhusu jeti moja mahsusi iliyodondoka kwenye kona ya chini baada ya kupaa, na haina telemetria, siwezi kuapa kwamba ni macho tu. Inapopanda huku upepo uko nyuma yake, inaingia tabaka lenye upepo mkali zaidi wa nyuma, na hilo linapunguza mwendo wa hewani kweli. Ukiwa mita 40 ni kitu kidogo sana. Ukigeuza mita 8 juu ya ardhi kwa sababu unataka kuwaonyesha watoto waliojipanga kwenye uzio, si kidogo. Kutenganisha sehemu ya macho na sehemu ya tabaka kwa kutazama tu, mimi siwezi, na anayesema anaweza nitamwomba anitabirie na mvua.

Kuna na vimbunga vya vumbi vya mchana. Hivyo havina upande. Dakika moja soksi ya upepo inaonyesha Singida, dakika inayofuata inaonyesha Morogoro. Mvumo wa ghafla ukikupata kwa nyuma ukiwa umebakiza akiba ya 10 tu, utastoli, na hapo sitabishana nawe. Ila hata hapo kona haihusiki. Ungekuwa umenyooka ungestoli vilevile. Marubani wa ndege kubwa wana desturi ya kuongeza kwenye mwendo wao wa kutua nusu ya kile ambacho mvumo unazidi upepo wa kawaida. Nimejaribu kuifuata. Tatizo ni kwamba kiwanja chetu ni kifupi na kigumu, mwendo wa ziada unakuwa kudunda, na kudunda kunakuwa gurudumu la pua lililopinda. Kwa hiyo mimi naongeza kidogo kwa kusikia mkononi, na kama mvumo unazidi mkono wangu, nafunga boksi narudi nyumbani. Si kanuni, najua.

Mambo ya kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na kukaa mbali kabisa na uwanja wa ndege wa mjini na ule wa Msalato siyarudii leo. Bila kibali, usinitafute.

Anayebisha namkaribisha afanye jaribio hili kwanza. Panda juu, urefu unaosamehe kosa: mita 80 au zaidi. Weka throto mahali pamoja, kisha toa kidole. Ilaze jeti kiasi, nyuzi 30, ishike hapo, izunguke mara kadhaa bila kuirekebisha. Utaona miduara yote inahamia upande ambao upepo unaelekea. Utaona pua inabaki pembe ileile mbele na nyuma ya upepo. Utasikia feni haibadilishi sauti. Na kidole chako kitakuwasha vibaya kila jeti inapopita ikiwa na upepo nyuma, kitataka kurudisha throto. Huo muwasho ndio uliovunja jeti zenu.

Baada ya hapo, jizoeze kutazama pua badala ya kasi. Pua ikiwa juu na jeti haipandi, uko karibu na stoli, iwe inaonekana inakimbia au inatambaa. Na kwenye mzunguko wa kutua, ukiwa na upepo nyuma, amua nafasi ya throto kabla ya kugeuka, halafu acha mduara uwe mpana. Ukipitiliza mstari wa kiwanja, pita juu, zunguka tena. Betri ibakize akiba ya mizunguko miwili, siyo ya sala.

Jumamosi tunaanza saa 1 asubuhi, kabla upepo haujachachamaa. Nitakuja na rimoti ya pili ya kufundishia, na jeti yenye pito itakuwepo kwa wabishi. Njooni na betri zilizochajiwa tayari, jenereta bado iko kwa fundi.