Mabasi matatu kwa mpigo: si lazima dereva awe mzembe

Umesimama kituoni karibu dakika 20, hakuna kitu. Mara yanatokea mabasi matatu yamefuatana: la kwanza limeshona, la tatu viti vitupu. Watu husema madereva walikuwa wanapiga soga kule mwisho wa njia. Mara nyingi tunawaonea.

Basi likichelewa dakika moja tu, linakuta abiria zaidi kituo kinachofuata, na kuwapakia kunalichelewesha tena. La nyuma yake linakuta kituo kimebaki na watu wachache, linapita upesi, linalifikia. Wanahisabati Newell na Potts walilieleza hili mwaka 1964. Ukiigiza njia nzima kwenye kompyuta, mabasi yakiondoka kwa nafasi sawa na kila dereva akiwa makini, bado yanaungana.

Hasara yake haionekani kwenye ratiba. Mabasi yakipita kila dakika 10, unasubiri wastani wa dakika 5. Yakipishana kwa dakika 2 kisha 18, idadi kwa saa ni ileile sita, lakini wastani unapanda hadi dakika 8.2, maana wengi wetu hufika ndani ya lile pengo refu.

Kwa hiyo kuongeza mabasi peke yake hakutoshi. Hata njia maalumu, kama ya mwendokasi Dar es Salaam iliyoanza 2016, inaondoa foleni ya magari, haiondoi msongamano wa mlangoni. Kinachosaidia ni kulishikilia basi kidogo kituoni ili nafasi irudi, na kompyuta ndipo mahali pa kujaribu ni kituo kipi na kwa sekunde ngapi, kabla ya kuwajaribia abiria.