“Baba Yako Yuko Misheni”: Wanayoambiwa Watoto wa Polisi Waliokufa Kazini

Nasaidia familia zilizofiwa hapa Lubumbashi, nyingi zikiwa za polisi. Kuna maneno nimechoka kuyasikia: “Mtoto hajui. Tulimwambia baba yake alitumwa misheni Kalemie.”

Dhana: mtoto akifichwa, hataumia

Ukweli: anaumia, tena peke yake. Kambini nyumba zimebanana na kila mtu anajua nani alizikwa lini. Mtoto wako atapewa habari ya msiba wake na mwenzake pale bombani, bidoni mkononi. Jioni atarudi na maswali mawili: baba yuko wapi, na kwa nini mama amenidanganya? Hilo la pili ndilo linalonipa kazi kubwa zaidi.

Asipoambiwa, atajitungia sababu. Watoto wadogo huamini kwamba maneno na mawazo yao yanaweza kumdhuru mtu. “Asubuhi ile nilikataa kumuaga, ndiyo maana harudi.” Hapo huanza kukojoa kitandani, tumbo kuuma kila siku ya shule, na kumng’ang’ania mama akitaka tu kwenda sokoni.

Basi mwambieni. Aseme mama, au baba mdogo anayempenda, nyumbani, mchana. Neno ni “amekufa”. Ukisema “amelala”, ataogopa kulala. Ukisema “amesafiri”, atakimbilia mlangoni kila pikipiki ikisimama. Mwambie: “Baba amekufa akiwa kazini. Mwili wake hausikii tena njaa wala maumivu. Hatarudi. Si kosa lako.” Mwenye miaka minne atauliza tena kesho, na keshokutwa, kudumu kwa kifo kunamwingia polepole. Jibu vilevile kila mara. Akiuliza kilichomuua, jibu kwa ufupi na kwa kweli, na zile picha za WhatsApp za mwili wa marehemu zifuteni kabla simu haijafika mikononi mwake.

Kwenye kilio awepo akitaka, pamoja na mtu mzima mmoja ambaye kazi yake siku hiyo ni huyo mtoto tu. Nanyi shangazi na baba wakubwa, kabla hamjagawana vitu, mtoto achague kimoja: filimbi, saa, mkanda. Nalisisitiza sana hili, kwa sababu nimewaona wakibaki bila hata picha. Zamani wataalamu walidhani kupona ni kumwachilia marehemu kabisa. Tangu miaka ya 1990 tunajua kwamba wengi hupona huku wakiendelea kuwa karibu naye. Washington, kwenye ukuta wa majina ya polisi waliokufa kazini uliozinduliwa mwaka 1991, watoto huweka karatasi juu ya jina la mzazi, wakasugua kwa penseli, wakaenda nalo nyumbani. Hapa kwetu daftari na picha moja vinatosha kuanzia.

Dhana: shujaa ni aliyepigwa risasi tu

Si kweli, na inawadhalilisha wajane. Aliyegongwa na lori akiongoza magari kwenye barabara ya Kasumbalesa alikufa kazini. Huko Marekani, mwaka 2020 na 2021, COVID-19 iliua polisi wengi kuliko risasi, na majina yao yanachongwa ukutani pamoja na ya wengine.

Dhana: matanga yakiisha, machozi yaishe

Wengine hunitajia zile hatua tano za huzuni: kukana, hasira, kujadiliana, sononeko na kukubali. Daktari wa akili Elisabeth Kübler-Ross alizieleza mwaka 1969 kutokana na wagonjwa waliokuwa wakikabili kifo chao wenyewe. Si ratiba ya mjane. Shirika la Afya Duniani linahesabu huzuni kuwa ugonjwa pale tu inapozidi miezi sita, inapopita desturi za watu wake, na inapomzuia mtu kuishi. Mwacheni mama alie.

Dhana: wenzake marehemu wa doria wakalishwe wote wasimulie tukio

Makamanda hulifanya kwa nia njema. Lakini kikao kimoja cha kulazimisha masimulizi hakizuii kiwewe, na Shirika la Afya Duniani linashauri kisifanywe. Wapeni usingizi, chakula, na nafasi ya kwenda kuzika. Anayetaka kusema asikilizwe. Ikipita miezi na bado anashtuka usiku au pombe imeongezeka, mleteni, na asinyang’anywe kazi kwa sababu amekuja.