Je, wajua kwa nini mwaka ni mrefu mno kwa mtu mwenye ADHD?

Kila ikifika disemba watu wanaanza, ooh mwakani nataka nijenge, nimalize kozi, niamke alfajiri kila siku, na mie nnafungua daftari langu nnakuta malengo ya mwaka jana ni yaleyale, kurasa mbili za mwanzo zimepambwa kwa kalamu za rangi tatu, baada ya hapo kweupe mpaka jalada la nyuma. Zamani nkijua ni uvivu. Bi mkubwa nae akijua ni uvivu, skuli wakisema mtundu hatulii, jirani mmoja akashauri nikasomewe. Basi kumbe ipo sababu, na mashetani hawamo.

ADHD (kwa Kiingereza attention deficit hyperactivity disorder) ni hali ya ubongo ambayo mtu anakuwa nayo tokea utotoni, inampa taabu kuongoza umakini wake, kujizuia na kutulia. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, toleo la 2013, unataka dalili ziwe zilianza kabla ya miaka 12, kwa hiyo haikupati ukubwani hata kama umekuja kujijua ukubwani. Na wengi ndo tunavyojijua, khasa wanawake, maana msichana alokaa kimya nyuma ya darasa akili yake iko Nungwi hamsumbui mwalimu, nani atamuuliza? Jina lake lenyewe linachanganya, linazungumzia upungufu wa umakini wakati umakini tunao tele, ila hausikii amri. Mie nkianza kutafuta bei za mlango wa kuchonga ambao hata siununui, saa tatu zinapita na wali umeshaungua.

Sasa mwaka unaingia vipi hapa? Mwanasaikolojia wa Marekani Russell Barkley ameeleza kwa miaka mingi kwamba ADHD inamfanya mtu asiuone wakati, kama asiyeona mbali. Kichwani mna nyakati mbili tu, sasa hivi na baadae, na hiyo baadae haina tarehe. Lengo la miezi kumi na miwili mbele limo kwenye baadae, limelala humo pamoja na pensheni. Tena watafiti wakiwapa watu kuchagua, pesa kidogo leo au nyingi huko mbele, wenye ADHD kwa wastani huelemea zaidi ya leo, yaani zawadi ikiwa mbali kwetu inapungua thamani haraka. Wataalamu wanaihusisha na dopamini, kemikali ya ubongo inayokutia hamu ya kulifuata jambo. Ndo maana fomu uliyopewa mwezi mzima huigusi mpaka usiku wa mwisho, halafu unaijaza kwa nusu saa na mama anakwambia "si unaona unaweza!" Naweza, mama, ila mpaka moto uwe umeshafika kwenye kanga.

Na ule moto wa Januari je? Huo si wetu peke yetu. Mwaka 2014 watafiti Hengchen Dai, Katherine Milkman na Jason Riis walionesha kuwa watu huchangamkia malengo zaidi pale wakati unapoanza upya, iwe wiki, mwezi au mwaka. Tofauti ni kwamba kwetu sisi upya wenyewe ndo unaotusukuma, sasa ukishachakaa, tuseme tarehe ishirini hivi, mwenzako anaendelea kwa mazoea na wewe umebaki na daftari zuri.

Kutazama nyuma nako kuna mtego. Ukijiuliza umefanya nini mwaka mzima kichwa kinakuletea vilivyopiga kelele, deni ulilosahau, harusi uliyochelewa, kazi uliyoiacha nusu. Vilivyokwenda vizuri vimepita kimya. Mie siku hizi siulizi kichwa, nauliza simu. Napitia picha mwezi baada ya mwezi na meseji za kutuma pesa. Mwaka jana nlikuwa naapa sikufanya kitu, nikakutana na picha ya risiti ya saruji, kumbe ule ukuta wa nyuma uloanguka na mvua za masika nlitengenezesha mie! Nlisahau kabisa, na ukuta naupita kila siku.

Kwenye kupanga ndo nnapowashangaa wazee wetu wa Zanzibar. Watu wanaijua Mwaka Kogwa ya Makunduchi kwa kupigana migomba na kuchoma kile kibanda cha makuti, wanaona ni shamrashamra ya mwezi wa saba bas. Lakini ile ni Nairuzi, mwanzo wa mwaka wa siku 365 ambao wakulima na wavuvi wakiuhesabu kwa miongo, kila mwongo siku kumi, miongo 36, na zinabaki siku tano za mwisho zinaitwa gatha. Siku kumi! Hawakuwa wakifikiria ADHD, walikuwa na mambo yao ya kupanda na pepo, ila kwa kichwa kama changu hichi kipimo kimenikaa sawa kuliko mwaka. Siku kumi naiona ncha yake. Nkiharibu, mwongo mwengine huo unakuja, sina haja ya kungojea Januari, na visiwa hivi havina uhaba wa mianzo, kuna Muharam, kuna Ramadhani, kuna Nairuzi, hata Ijumaa ukitaka.

Ndani ya hizo siku kumi naweka jambo moja, mawili nkijiona shujaa, na sisemi tu "ntafanya", nalifunga kwenye kitu. Peter Gollwitzer wa Ujerumani aliandika mwaka 1999 kuhusu mipango ya "ikitokea hivi nafanya vile", na mwaka 2008 yeye na Caterina Gawrilow wakaonesha kuwa mipango ya namna hiyo iliwasaidia watoto wenye ADHD kujizuia kwenye majaribio. Hapa kwetu kufunga ni rahisi, adhana tunayo mara tano na haihitaji chaji. Nkisikia ya alasiri nakunywa dawa za presha, nkishaswali magharibi nafungua barua za ofisini. Saa kumi na nusu hainambii kitu, alasiri inanambia.

Na ukikosa siku? Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa London, watu 96 (wa kawaida, si wa ADHD), ulikuta mazoea huchukua siku 66 kwa wastani, wengine 18, wengine makadirio yalifika 254, na kukosa mara moja hakukuharibu kitu. Hiyo nimeiandika mlangoni, maana sisi tukikosa siku moja tunatupa na daftari. Kuna dawa pia, hizo ni za daktari, na kama jina la Kidongo Chekundu, hospitali yetu ya akili hapa Unguja, linakutisha kwa vile watu wanavyolitania, nenda hivyohivyo.

Mwongo wangu wa sasa una jambo moja, kurejesha sufuria la jirani tangu khitma ya mwezi wa tisa. Leo siku ya sita. Nimeliweka mlangoni ili nlione nkitoka, nshajikwaa mara mbili.