Mwezi Mwachieni Mvuvi

Jumamosi iliyopita kijana mmoja wa Uvira, ninayempenda kama mdogo wangu wa kuzaliwa, alinipigia simu saa kumi alfajiri kuniambia haji porini kuwinda kulungu. Upinde wake nimeufunga mimi, upote mpya, mishale tumeipima uzito mmoja mmoja, dungu liko juu ya mti tangu Agosti. "Yaya," akasema, ndivyo kwao wanavyomwita mkubwa, "mwezi haiko muzuri leo." Alikuwa ameangalia jedwali la mwezi kwenye simu, lile linalowapangia wawindaji siku njema na mbaya. Jedwali lilikuwa jekundu. Akarudi kulala.

Ninafanya kazi kwenye duka la pinde hapa Ohio, Marekani, huu msimu wa kumi na nne, na kuanzia katikati ya Oktoba hadi Novemba iishe sipitishi siku bila kuusikia wimbo huu. Madume wa kulungu wamechelewa kupandana kwa sababu ya mwezi. Madume wamewahi kwa sababu ya mwezi. Madume hawajaanza, tunasubiri baridi. Nimenyamaza miaka kumi na tatu kwa sababu mteja ni mteja. Leo nimechoka.

Nadharia, kwa wasioijua, ni hii: mwezi mpevu wa pili baada ya ile siku ya Septemba ambayo mchana na usiku hulingana ndio unaowaingiza majike joto, madume wanawafuata, na wewe unapanga likizo yako kwa kutazama angani. Haya, tuhesabu. Mwaka 2023 mwezi huo ulipevuka Oktoba 28. Mwaka 2024, Novemba 15. Tumesogea siku 18 ndani ya mwaka mmoja. Kulungu wa mkia mweupe, huyu wa Amerika, hubeba mimba kama siku 200. Ikiwa nadharia ni kweli, ndama wa mwaka wa pili walitakiwa kuzaliwa wiki mbili na nusu nyuma ya wenzao. Sasa muulize mkulima yeyote wa huku anayekata majani ya ng'ombe. Ndama wanalala kwenye majani mwisho wa Mei na mwanzo wa Juni. Ndivyo ilivyokuwa mwaka jana na mwaka juzi, na ndivyo ilivyokuwa baba yake alipokuwa ndiye anayeendesha trekta. Toka Juni 1 urudi nyuma siku 200, unaangukia Novemba 13.

Wataalamu wa wanyamapori wanayo njia ya kuhakikisha. Baridi ikielekea kuisha wanachukua majike waliogongwa barabarani, wanapima kijusi toka utosini hadi makalioni, na urefu ule unawaambia mimba ilitungwa lini. Miaka ya joto, miaka ya theluji ya mapema, mwezi mpevu, mwezi mchanga: katikati ya msimu kwa sehemu moja husogea siku chache tu. Na kama vijusi vinakutia kinyaa, nenda kwa fundi wa kunyoosha bodi za magari. Novemba ndio mwezi wake wa neema, kila mwaka, kwa sababu dume anayekimbiza jike haangalii barabara. Fundi hana jedwali la mwezi ukutani na bado anajua lini aagize taa za mbele za ziada.

Nisieleweke vibaya, mimi nimekulia kwenye mwezi. Mjomba wangu alikuwa mvuvi Pangani. Mwezi ukiandama na ukipevuka maji yanajaa na kutoka kwa nguvu, ndiyo bamvua. Katikati yake ni maji mafu. Dagaa wanavuliwa kwa karabai usiku wa giza, na mbalamwezi ikishika, watu wanakaa pwani kushona nyavu kwa sababu samaki hawaifuati tena taa. Kwa mjomba, mwezi ulikuwa bosi. Kwa hiyo mtu wa kwetu akiniambia mwezi unatawala wanyama, simcheki. Ninachomwambia ni kwamba kulungu si dagaa.

Tena sisi wa pwani ndio tuliopaswa kulielewa hili upesi kuliko wote. Kitu kinachofuata mwezi kinahama. Ramadhani inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, imepita katika joto, masika na kipupwe. Najua wenye nadharia wameufunga mwezi wao kwenye Septemba ili usitoroke mbali, lakini hata hivyo unacheza karibu mwezi mzima, na ndama hawachezi naye. Wazee wetu walikuwa na hesabu mbili: mwezi kwa ibada na maji, na Nairuzi, mwaka wa jua, kwa kilimo na safari za majahazi, kusi na kaskazi. Kulungu anakwenda na Nairuzi.

Jua linamfikiaje? Kwa urefu wa mchana, na hapa ndipo watu wa kwetu wanapopata shida, kwa sababu hatujawahi kuuona mchana ukibadilika. Tanga, kati ya mchana mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote, tofauti haifiki saa moja. Saa yetu yenyewe imejengwa juu ya hilo: jua likichomoza tunaanza kuhesabu moja, likizama tunaanza moja tena. Njoo Ohio uone saa hiyo inavyokufa. Juni jua linazama saa tatu usiku. Katikati ya Novemba, saa kumi na moja na robo jioni umekwisha washa taa. Mwaka 2017 Ramadhani iliangukia Juni na tulifunga karibu saa 17. Hakuna aliyehitaji kuelezwa siku ile kwamba mwili unajua urefu wa mchana. Kulungu naye mwili wake unajua. Mchana unapungua zaidi ya dakika mbili kila siku, jicho linapeleka habari ubongoni, melatonini, homoni ya giza, inaongezeka usiku unavyorefuka, homoni za uzazi zinaamka. Dume anachubua ngozi laini ya pembe mwanzoni mwa Septemba, shingo inavimba Oktoba, na majike wengi wanaingia joto ndani ya majuma machache ya Novemba.

Ushahidi ninaoupenda zaidi ni wa New Zealand. Mwaka 1905 walipeleka kulungu hawa kule kutoka Marekani. Kizazi chao leo kinapandana kuanzia Aprili hadi Mei. Kalenda nzima iligeuka miezi sita kwa sababu mchana unapungua wakati huo upande ule wa dunia. Na ndugu zao wa Venezuela, karibu na ikweta ambako mchana haubadiliki, wanazaana mwaka mzima, kama swala pala wa kwetu.

Hilo ndilo rahisi. Linaloniudhi kweli ni hili: mtu anakaa juu ya dungu siku mbili, haoni dume akikimbiza jike, anashuka anatangaza kwamba msimu haujaanza. Anachanganya mambo mawili, kupandana kwenyewe na vurugu tunazoziona sisi. Vurugu kubwa iko kabla. Mwisho wa Oktoba na siku kumi za kwanza za Novemba madume wako tayari na majike bado. Dume anazunguka, anakwaruza ardhi chini ya tawi, anakojolea tezi zake za miguu ya nyuma ili harufu ishuke pale, anavunja miti midogo kwa pembe, anavuka mashamba saa nne asubuhi kama mtu aliyepoteza simu. Huo ndio wakati wa upinde.

Halafu jike mmoja anaingia joto. Anakubali dume kwa saa 24 hivi, na dume anamhamishia kichakani, kwenye kona ya magugu ambayo hata mwenye shamba haikumbuki, anamlinda siku moja au mbili. Hawatembei. Ukiongeza hapo majike wengine kumi wa eneo lako na madume kumi, msitu unakuwa kimya kama msikiti saa tatu asubuhi. Kilele cha kupandana kinafanana kabisa na msimu uliokwisha! Na ndicho ambacho mwenye jedwali anakisoma kuwa "bado". Kisha dume anaachana na yule jike, anatoka mchana kutafuta mwingine, na mwenye jedwali yuko nyumbani. Jike asiyeshika mimba atarudi joto baada ya siku kama 28, ndiyo sababu Desemba huwa na kijimsimu kidogo ambacho watu wanakiita muujiza.

Siku za kwanza za Novemba 2024 zilikuwa za kuvaa fulana. Joto la kuudhi. Jedwali lilisema subiri, mwezi wako ni wa tarehe 15. Dukani kila mtu alikuwa anasubiri. Mimi nilikuwa na mapumziko Jumatano, nikapanda. Mbu, Novemba, juu ya mti wa mwaloni. Mtu wa Pangani akajihisi yuko nyumbani. Mpaka saa nne asubuhi sijaona kitu zaidi ya kuchakulo. Kisha jike akatoka kwenye mahindi yaliyokauka, mkia umekaa upande, anatazama nyuma kila baada ya hatua tatu. Ukimwona jike anatazama nyuma, wewe usimtazame tena yeye. Nyuma yake nikasikia mguno, mfupi, wa chini, kama nguruwe aliyeambiwa anyamaze. Dume alikuja pua ikiwa chini, mdomo wazi, mbavu zinaonekana. Katika majuma haya wanaweza kupoteza hata robo ya uzito. Kichwa kilipopita nyuma ya shina nikavuta. Alikuwa hatembei, anakimbia nusu nusu, ikabidi nimsimamishe, nikalia kama mbuzi: "Meee!" Akasimama, yadi 18, akitafuta ni mbuzi gani. Bismillahi, nikaachia.

Mshale niliukuta umechomeka udongoni upande wa pili, manyoya yamelowa damu ya waridi yenye povu. Hiyo ni mapafu. Alikimbia hatua kama 70. (Na kabla hamjauliza kwenye maoni: chembe chenye makali, jina la Mungu limetajwa wakati wa kuachia, mnyama amekufa kwa kukatwa na mshale. Ni halali kwa mawindo. Muulizeni shehe wenu, si mimi.)

Mengine nitayapitia haraka kwa sababu mnayajua au mnajifanya mnayajua. Upepo: ukikupiga kisogoni naye anatokea mbele, umekwisha, hakuna sabuni wala dawa ya kunyunyiza itakayokuokoa. Umbali: mshale wa upinde wa kapi unatumia zaidi ya sehemu ya tano ya sekunde kufika yadi 20, sauti ya upote inafika mbele yake, na kulungu mwenye wasiwasi anachuchumaa ili aruke, mlenge chini kidogo au msubiri atulie. Damu nyeusi ni ini, majimaji ya kijani ni tumbo, na kwa tumbo unakwenda zako kazini na kurudi jioni, hata kama moyo unakuuma. Mkanda wa usalama ufungwe tangu mguu wa kwanza unapoacha ardhi. Kinachowajeruhi wawindaji wa dungu kuliko kingine ni kuanguka.

Sasa niseme ninayoyaona aibu kuyasema dukani. Baridi ninaiamini. Hali ya hewa ikivunjika, upepo ukageuka kaskazini na joto likashuka ghafla, mimi huyu huyu naamka saa tisa usiku na kuwaacha wote kitandani. Inaingia akilini: kulungu amekwisha vaa manyoya ya kipupwe, siku ya joto anahamishia mizunguko yake usiku. Si kwamba anapandana kidogo, ni kwamba anaonekana kidogo. Lakini majuzi nilikaa na daftari langu la miaka yote nikahesabu. Ndiyo, madume wengi nimewaona siku za baridi. Pia siku za baridi nilikaa juu ya mti kutwa nzima, na siku za joto nilishuka saa tatu kwenda kunywa chai. Daftari langu linapima uvivu wangu kuliko linavyompima kulungu.

Na Alabama, jimbo la kusini, inanisumbua. Urefu wa mchana ni ule ule kwa latitudo ile ile, lakini kuna sehemu za Alabama kulungu wanapandana Januari, na kusini mwa Florida wanapandana Julai na Agosti. Sehemu ya jibu ni damu: karne iliyopita kulungu walihamishwa kwa malori toka jimbo hadi jimbo kurudishia waliomalizwa kwa bunduki, na vizazi vimebeba kalenda za walikotoka. Sehemu nyingine ni kwamba kusini kipupwe hakiui ndama aliyezaliwa wakati mbaya, basi kila mmoja anajizalia atakavyo. Maelezo haya yananitosha mchana, usiku hayanitoshi sana. Hata hivyo Florida ina mwezi ule ule wa Ohio.

Filimbi ya kuigiza mguno wa kulungu nayo ninauza, na ninayo shingoni. Imeniletea madume wawili. Imefukuza zaidi ya wawili, nadhani, kwa sababu anayefukuzika hupigi naye picha.

Yule kijana wa Uvira amenitumia ujumbe jana: jedwali limegeuka kijani, anaenda kesho. Nimemwambia sawa, aje na chai ya kutosha. Jedwali lenyewe tunaliuza na la karatasi pia, dukani kwetu. Nalipanga mwenyewe kila Jumatatu, karibu na kaunta, na kufikia Ijumaa limekwisha. Juu yake imetundikwa mikanda ya usalama, nane, ile ile ya Agosti.