Kadi ya MX150 haikosi spidi, inakosa pumzi

Nimechoka kulijibu hili kwa mtu mmoja mmoja mezani, kwa hiyo naliandika mara moja. Kijana anashusha begi, anatoa laptopu yenye kadi ya picha ya GeForce MX130, MX150 au 940MX, anasema: "Fundi, niovakloki kadi, gemu ya GTA inakwamakwama," yaani nipandishe spidi ya kadi kupita ya kiwandani. Anaamini kiwanda kimeficha spidi mle ndani, na kazi yangu ni kuvuta slaida ya MSI Afterburner, programu ya kurekebisha kadi, kwenda kulia mpaka itoke. Nikimwambia tupime joto kwanza, ananiona nazunguka ili nimchaji zaidi.

Basi tuelewane. Ile +200, megahezi za nyongeza unazoziweka kwenye Afterburner, siyo spidi ambayo kadi yako inakimbia. Ndani ya kadi kuna jedwali la volti na megahezi: kwa volti hii, kimbia hivi. Ukiweka +200 umelisogeza jedwali zima juu, lakini anayechagua mstari wa kutumia ni kadi yenyewe, na inachagua upya kila wakati kwa kuangalia wati na joto. Wati zikigota, inashuka mstari wa chini. Joto likipanda, kadi za kizazi cha Pascal kama MX150 zinajipunguza kwa hatua za megahezi 13 hivi, taratibu, bila onyo lolote kwenye skrini. Ndiyo maana mtu ananiambia "nimeweka +200 na haikuzima", halafu gemu iko palepale. Acha kutazama ulichoweka. Washa grafu, cheza nusu saa, kisha uone kloku yenyewe, yaani megahezi ambazo kadi inakimbia kweli, imetulia wapi.

Na ukomo wa wati kwenye laptopu huugusi. Ile slaida ya pawa kwenye laptopu nyingi imepauka, haivutiki, maana ukomo umeandikwa kwenye bayosi, programu ya ndani ya kadi. MX150 ilitoka mwaka 2017, na ipo ya aina mbili chini ya jina lilelile: ya wati 25 yenye kloku ya msingi ya megahezi 1468, na ya wati 10 yenye megahezi 937. Fungua GPU-Z, programu ya kusoma taarifa za kadi, utazame namba ya kifaa: 1D10 ni ya wati 25, 1D12 ni ile dhaifu. Mwenye 1D12 akija na video ya mwenye 1D10 akitaka fremu zilezile, mimi nifanyeje?

Wapo pia mafundi wenzangu wanaosema ovakloku kwenye laptopu ni upuuzi mtupu. Hao nao wanakosea, na kosa lao linaniudhi zaidi kwa sababu wao wanapaswa kujua. Kadi iliyogota kwenye wati inaposhuka mstari, inashuka volti. Kama jedwali umelisogeza juu, kwa volti ileile ya chini inapata megahezi nyingi kuliko mwanzo. Faida ipo, ndogo lakini ya kweli. Umeme unaoliwa unapanda kwa mraba wa volti: ongeza volti asilimia 10 na kloku ibaki ileile, ulaji unapanda kama asilimia 21. Ukigeuza hesabu, kushusha volti kidogo kunaokoa wati nyingi. Kwa hiyo kwenye MX150 mimi siendi na slaida, nabonyeza Ctrl na F, naingia kwenye mchoro wa volti, natafuta kloku ambayo kadi imeizoea na kuishikisha kwa volti ndogo zaidi. Kadi inapoa, na ikipoa inaacha kujipunguza. Gemu inakuwa laini wakati kwenye karatasi sijaongeza hata megahezi moja.

Memori ya kadi nayo ina habari yake. Kadi hizi zina njia ya data ya biti 64 tu, chipu inakaa inasubiri data, hivyo kupandisha memori mara nyingi kunalipa kuliko kupandisha kori, yaani chipu yenyewe. Ila memori ya aina ya GDDR5 hukagua makosa njiani na kutuma data upya. Ukizidisha, huoni madoa kwenye picha, unaona fremu zinapungua. Panda kidogo kidogo ukipima, na zikianza kushuka rudi nyuma. Wenye 940MX ya DDR3, memori ya polepole zaidi, msitarajie makubwa.

Joto lenyewe sasa. Hewa inayoingia ndiyo inayopoza, chumba kikipanda nyuzi 10 na chipu inapanda karibu hizohizo. Laptopu iliyokuwa inacheza vizuri Newala, kule juu uwandani penye ubaridi, ikishushwa Mtwara mjini Desemba inaanza kukata, na mwenyewe anadai kadi imezeeka. Weka kiganja kwenye tundu la pembeni. Feni inasikika inazunguka lakini hewa haitoki. Fungua kifuniko, toa feni: kati yake na mapezi ya kopa kuna vumbi limeshikana kama kipande cha blanketi, unaling'oa kwa kibano likitoka zima. Za kutoka Masasi linakuwa jekundu. Za Shangani ya Mtwara, karibu na bahari, skrubu zina kutu na pesti ya kupitisha joto juu ya chipu imekauka hadi inabanduka vipande. Kwa hali hiyo unataka kuongeza moto?

Tena kwenye laptopu za bei ya chini bomba moja la kopa mara nyingi linapita juu ya prosesa na kadi pamoja. Prosesa ikichemka, kadi inaungua nayo. Nenda kwenye mipangilio ya umeme ya Windows, weka ukomo wa juu wa prosesa asilimia 99. Tabo, ule mwendo wa ziada wa prosesa, inazimika na kadi inapata nafasi. Ni bure, jaribu leo.

Wenye grafiki ya Intel tupu, kama ile ya ndani ya prosesa ya i5-8250U, ninyi hata Afterburner msiifungue. Prosesa na grafiki vinagawana wati 15 na RAM ileile. Kijiti kimoja cha RAM ya DDR4-2400 kinapitisha gigabaiti 19.2 kwa sekunde, viwili 38.4. Nunua kijiti cha pili.

Na kama ni Dell, hakikisha chaja ni yake. Ile pini ya katikati inayoitambulisha chaja isiposomeka, mashine inajishusha yenyewe hata ungeweka kadi ya peponi.

Mashaka yangu nayasema wazi. Laptopu mbili za modeli moja, mwaka mmoja, moja inakubali nyongeza bila shida, ya pili inaangusha draiva, programu inayoiendesha kadi, mapema kabisa, na hakuna namna ya kujua kabla ya kujaribu. Kipimo cha dakika 10 sikiamini. Kuna kadi inayofaulu kipimo mchana halafu inaanguka usiku katikati ya mechi. Na kadi ikifa miezi baadaye kwenye mji wenye chumvi hewani na umeme unaokatika, sina uwezo wa kukuambia kama ni ovakloku au ingekufa tu. Kwa hiyo mteja akisisitiza, namwekea profaili mbili, ya kawaida na ya gemu, na ile alama ya kuwasha mipangilio pamoja na Windows siiweki kamwe. Anawasha profaili mwenyewe akitaka kucheza, ili siku ikigoma azime, awashe, akute mashine yake iko kama ilivyotoka kiwandani.