Ukishapiga, geuza kiwiliwili: kwa rubani mpya wa MechWarrior Online

Kila nikiingia MechWarrior Online, gemu ya kompyuta ya vita vya roboti wakubwa wanaoendeshwa na rubani, nakutana na mchezaji mpya anayekufa kwa namna ileile. Anachomoza nyuma ya jengo, anasimama wima, anamkabili adui kifua wazi na kufyatua silaha zote kwa mpigo. Muda si mrefu kifua kimetoboka, naye amebaki kuwatazama wenzake wakimalizia mchezo. Shabaha yake mara nyingi ni nzuri tu. Kinachomwangusha ni kucheza kana kwamba ameshika bunduki, wakati amekalia mashine ya tani 50 yenye miguu.

Kwa hiyo tuanze na miguu. Vitufe vya W na S vinapandisha na kushusha mwendo, kama lori linavyochanganya. A na D vinageuza miguu. Mausi inageuza kiwiliwili peke yake, na miguu haikifuati. Ndiyo maana unaweza kukimbilia kaskazini huku unampiga aliye mashariki, na ndiyo maana wageni wengi hujikuta wamegota ukutani: macho yako kulia, miguu inakwenda kushoto. Kwenye ramani ndogo utaona pembe inayoonyesha unakotazama. Ilinganishe na mwelekeo wa miguu mpaka uizoee. Kabla ya vita yoyote, ingia uwanja wa majaribio peke yako, chagua jengo moja, ulizunguke bila kuliondolea macho. Dakika ishirini za zoezi hilo zitakufaa kuliko silaha yoyote ya bei.

Sasa jambo ninalolisisitiza kuliko yote. Meki, yaani hiyo mashine unayoiendesha, ina kichwa, kifua, mbavu mbili, mikono miwili na miguu miwili, na kila sehemu ina bamba lake la chuma. Kifua kikiisha, umekufa, hata kama mikono yote haijaguswa. Ukimtazama adui moja kwa moja, kila leza yake inatua palepale. Mzinga wa AC/20 unahitaji kama sekunde nne kabla ya kupiga tena, na hizo sekunde nne si za kusimama ukisubiri. Piga, geuza kiwiliwili upande, acha mkono na ubavu vipokee kipigo, kisha rudi upige tena.

Mimi hupenda meki iitwayo Hunchback, tani 50, yenye mzinga huo kwenye bega la kulia. Kila anayeifahamu hulenga bega hilo kwanza. Juzi nilikutana kona na Atlas, tani 100, mara mbili yangu kabisa. Nikapiga mara moja kwenye ubavu wake wa kulia, maana naye huweka mzinga wake huko, halafu nikageuza kiwiliwili kulia ili mkono wangu wa kushoto ubaki mbele yake. Leza zake zikauchoma mkono. Nikarudi, nikapiga, nikageuka. Mkono ukakatika, ubavu wa kushoto ukaanza kuwaka manjano, lakini bega bado zima. Yeye hakugeuka hata mara moja. Ubavu wake ulipovunjika, mkono wa kulia ulikwenda nao, na mzinga wake ukanyamaza. Wenzangu walifika wakammaliza. Centurion nayo inafaa sana kujifunzia mbinu hii, kwa sababu mkono wake wa kushoto hauna silaha; ni ngao tu.

Joto ni adui wa pili. Kipimo kikifika asilimia 100 meki inajizima, na sekunde chache za kusimama kama mti katikati ya vita zinatosha kukumaliza. Gawa silaha katika makundi: leza kitufe kimoja, mzinga kitufe kingine. Ukirusha silaha nyingi za aina moja kwa pamoja, gemu inakuongezea joto la adhabu. PPC (silaha za kurusha chembe za umeme), kwa mfano, mbili kwa wakati mmoja zinatosha. Ramani nayo ina lake. Terra Therma yenye volkano inapasha mashine haraka kuliko ramani za theluji, kwa hiyo mpangilio uliokufaa jana unaweza kukuunguza leo.

Jua pia umbali wa silaha zako. Leza ya kati hufanya kazi vizuri mpaka mita 270, na mwanga wake unadumu karibu sekunde moja, hivyo ishikilie shabaha sehemu ileile mpaka mwanga uishe. Makombora ya masafa marefu, LRM, hayafai chini ya mita 180. Aliyekukaribia sana akiwa amebeba hayo tu, mkimbilie miguuni.

Usianze na meki ya tani 100. Ni nzito, wenzako 11 watakuacha nyuma, na meki ndogo za adui zitakuzunguka zikikupiga mgongoni, ambako bamba ni jembamba. Chukua ya tani 50 au 55, ukae na kikosi.

Na kila unapomwona adui, bonyeza R kabla ya kupiga. Picha yake inatokea pembeni ikionyesha sehemu zilizokwisha kuharibika, na wenzako wanamwona pia, hata aliye nyuma ya kilima akingoja kurusha makombora. Ubavu ukiwa mwekundu, piga hapohapo.